Pikapu Iliyofunikwa Kama Pombe

Mchana pikapu yetu ilikuwa na adabu. Ukigeuza ufunguo inaitika. Ilibeba ndizi, ilibeba kahawa, ilipeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha, na haikumsumbua mtu. Ubaya wake ulikuwa asubuhi, na hasa asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, wakati huku kwetu Muleba juu mlimani ukungu unapanda kutoka ziwani, unaingia kibanjani na kukaa katikati ya migomba kama mgeni asiyejua kuaga. Asubuhi za namna hiyo ukigeuza ufunguo, pikapu inakohoa. Unageuza tena, inakohoa tena. Halafu inanyamaza, mume wangu naye ananyamaza, na mimi najua muda si mrefu atakuja jikoni.

"Mama watoto, hayo maji ya moto ni ya nini?"

"Ya chai."

"Nigawie nusu."

"Gari nalo linakunywa chai siku hizi?"

"Nigawie bwana, baridi hii unaiona."

Anakwenda kuyamwaga juu ya injini taratibu, kama mtu anayemkanda mzazi. Mara nyingine lilikubali. Lisipokubali kulikuwa na mteremko. Nyumba yetu iko juu ya kilima kidogo, na pikapu ililazwa daima juu ya kile kilima, pua ikitazama chini, jiwe chini ya tairi. Unatoa jiwe, majirani wawili wanasukuma, inaserereka mpaka kwenye mti wa mparachichi, na hapo inawaka kwa moshi mweusi ambao kuku wote wanaukimbia.

Ni gari la dizeli. Fundi mmoja wa zamani alimweleza mume wangu kwamba ndani ya injini ya namna hiyo kuna plagi za kupasha moto. Ukiweka ufunguo, inawaka taa ndogo ya rangi ya machungwa, unasubiri plagi zipate joto, ndipo unapiga stata. Asubiri kwa muda gani? Saa ya mkononi hakuwa nayo. Akapima kwa sala: Salamu Maria moja, halafu stata. Gari lilipokuwa na nguvu zake, Salamu Maria moja ilitosha. Miaka ikaenda, zikawa mbili, zikawa tatu. Mwaka ninaousema alikuwa akimaliza tendo zima la rozari, Salamu Maria kumi, humo ndani, vioo vimejaa mvuke wa pumzi yake, na gari likikohoa tu. Nilimwambia Mama Bikira Maria ana kazi nyingine asubuhi, amwache.

Ingekuwa ni ya kubeba ndizi tu, nisingejali. Ndizi zinaweza kungoja jua litoke. Lakini mwezi wa saba mwaka ule tulikuwa na harusi ya kitinda mimba wetu, na Misa ilipangwa asubuhi.

Tumezaa watano. Wa kwanza mvulana, wanne waliofuata wasichana. Watatu kati ya hao wasichana walikwenda kanisani kuolewa ndani ya pikapu hiyo hiyo, wamekaa mbele, baba yao akiendesha. Sidhani aliwahi kuahidi. Alimpeleka wa kwanza kwa sababu hatukuwa na gari jingine, akampeleka wa pili kwa sababu alimpeleka wa kwanza, na ilipofika ya tatu ikawa sheria ya nyumba. Huyu wa nne, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa akipanda pikapu na baba yake tangu hajaanza kuongea vizuri. Alikuwa akisimama kwenye kiti, anashika sikio la baba yake, wanakwenda hivyo mpaka sokoni. Watoto wetu humwita baba yao Taata na mimi Mae, na yeye alikuwa ameshasema: dada zangu wote Taata amewapeleka, na mimi Taata atanipeleka.

Kijana wetu mkubwa ndiye aliyeshika shughuli za harusi. Anaishi Mwanza, na ana tabia ya watu wa mipango, anapiga simu na kuuliza mambo ambayo umeshamjibu. Jioni moja akapiga, nikaweka sauti ya wazi ili baba yake asikie.

"Mae, Misa ni saa tatu. Padre amesema haongezi hata dakika, ana harusi nyingine baada yetu. Pikapu isipowaka tunafanyaje?"

"Tunasukuma," mume wangu akajibia pembeni.

"Nani asukume, Taata? Watu watakuwa wamevaa suti."

"Suti zinavuliwa."

"Na bibi harusi akae ndani huku anaserereka mpaka kwenye mparachichi?"

"Kwani dada zake waliserereka?"

"Dada zake waliolewa mwezi wa kumi na mbili, Taata. Hakukuwa na baridi hii." Halafu akashusha sauti, maana si mtoto mbaya: "Mimi nafika Jumatano ya juma la harusi. Alhamisi asubuhi nataka niione ikiwaka yenyewe. Bila kusukumwa, bila maji ya mama. Ikiwaka, sina neno. Isipowaka, nakodi gari mjini."

"Kodi. Utapanda wewe."

Simu ilipokatika alitoka nje akaingia kwenye pikapu, akafunga mlango, akakaa humo. Nilimwona kichwa tu.

Siku ya pili yake binti mwenyewe akanipigia mimi, kwa siri. Hakulia, kwetu hatukuwazoesha kulia kwenye simu. Alisema, "Mae, gari la kukodi linakuja na dereva wake. Sasa Taata atakaa wapi? Nyuma, kama mwalikwa?" Nikamwambia aendelee na mambo yake ya shela, ya magari atuachie sisi. Lakini neno lile lilikaa na mimi siku nzima nikichambua kahawa. Kama mwalikwa.

Sasa niwaeleze alichokifanya mume wangu, maana bila hicho habari hii isingekuwepo.

Yeye ni mtengenezaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kwa kazi hiyo anajulikana hadi vijiji vya mbali. Anaivisha ndizi, anazikamua kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa, anaweka mtama uliokaangwa, halafu anafunika. Hapo kwenye kufunika ndipo penye ufundi. Anapanga majani ya migomba, mabichi chini, makavu juu, tabaka kwa tabaka, na juu ya yote mkeka wa zamani. Kunaweza kuwa na baridi ya kupasua midomo, lakini asubuhi ukipenyeza mkono chini ya yale majani unakuta joto kama la kitanda mtu alichotoka kulala. Pombe inachemka yenyewe, hakuna moto.

Akafikiri. Kama pombe inalala kwenye baridi na kuamka inachemka, gari linashindwa nini?

Jioni ile nikamwona anatoka kibanjani na mzigo wa majani makavu. Akafungua boneti. Akaanza kuyapanga humo ndani, akiyasokomeza pembeni mwa injini, nyuma ya betri, chini ya mabomba, kwa upole ule ule anaotumia kwenye mtumbwi. Juu akatandika mkeka. Akafunga boneti, akaipiga makofi mawili.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. "Umesahau mtama," nikamwambia.

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza tutakunywa lini."

Asubuhi akatoa majani, akasali sala zake, akapiga stata, na pikapu ikawaka mara ya pili tu. Akapita mbele ya jiko bila kuomba maji. Siku ya pili ikawaka. Juma zima alikuwa akinitazama kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja. Halafu ikaanza kusumbua tena, ikasumbua kuliko mwanzo, na yeye badala ya kuacha majani akayaongeza. Mwisho boneti ilikuwa haifungi mpaka aikalie.

Jumatatu ya juma la harusi nikasema basi, tunakwenda Bukoba kwa fundi. Huku kwetu mafundi wapo, lakini wote walikuwa wameshaishika na kusema ni uzee. Mdogo wangu anayekaa Kagondo, huko huko Bukoba, alituambia kwao kuna fundi wa magari ya dizeli, anasema sana ila anajua. Kabla ya kuondoka mume wangu alitoa majani yote aliyoyaona, akaifuta injini kwa kitambaa chenye sabuni mpaka ikang'aa.

"Unaioshea nini? Inakwenda kwa fundi, haiendi harusini."

"Mgonjwa hapelekwi hospitali hajaoga."

Majirani wakatusukuma. Tukashuka mpaka Kemondo, harufu ya dagaa ikaingia kwa dirisha lisilofunga, ziwa likiwa jeupe upande wa kulia, na jua limeshatoka. Tulipofika Kagondo ilikuwa saa tano na nilishavua sweta.

Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alituamkia vizuri, shikamoo mzee, shikamoo mama, akaingia kwenye gari, akageuza ufunguo. Likawaka hapo hapo. Akazima, akawasha. Likawaka. Akatukalisha kwenye benchi, akatununulia soda, likapoa kidogo, akawasha tena. Likawaka kwa sauti nzuri kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mzee wangu," akasema, "mgonjwa yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

"Huyu? Huyu ni mzima kuliko wewe."

"Asubuhi haliwaki."

"Sasa ni asubuhi, mzee."

"Asubuhi ya kwetu."

Vijana wake wakacheka. Fundi akakaza vyuma vya betri, akavisugua kwa brashi, akasema hakuna la zaidi, twende tu salama. Mume wangu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na nilijua safari ya kurudi atakuwa haongei. Nikanyanyuka kwenye benchi.

"Fundi," nikamwambia, "mimi gari silijui, na shule niliishia darasa la nne. Lakini nimelea watoto. Mtoto mwenye homa ya alfajiri ukimpeleka hospitali mchana watamwona mzima. Wewe umeliona gari letu likiwa na jua mgongoni. Njoo ulale kwetu ulione likiwa na baridi."

"Mama, mimi ni fundi, si mlinzi wa usiku."

"Kuna kuku."

Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi. "Jogoo au mtetea?"

"Jogoo."

"Kesho jioni nitakuja."

Na kweli akaja, na basi dogo, na begi la vyombo vizito lililowashinda vijana wawili wa stendi. Tulimpokea kama watu wanavyopokelewa. Nilimpa kwanza kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akachukua buni mbili akatia mdomoni, akauliza habari za mvua na za bei ya kahawa. Jogoo alikuwa tayari, na ebitoke, ndizi zetu za kupika, bado zinatoa moshi ndani ya majani. Mume wangu akatoka nyuma ya nyumba na kibuyu cha rubisi, ile ya kwanza kabisa ya harusi, ambayo hata wifi zangu walikuwa hawajaionja.

"Asante, mzee. Mimi situmii."

"Hutumii nini?"

"Pombe. Mimi ni Mlutheri, na nimeokoka."

"Walutheri nawajua, wengine ni wateja wangu. Onja tu."

"Hata kunusa, mzee."

Mume wangu alibaki na kibuyu mkononi. "Sasa mtu kama wewe anashukuriwa kwa kitu gani?"

"Kwa paja la pili la jogoo," fundi akasema, akalichukua.

Alfajiri ya Jumatano kulikuwa na ukungu wa kutosha, namshukuru Mungu. Huoni mparachichi. Fundi alitoka amevaa koti la mume wangu juu ya koti lake, anapuliza vidole. "Kumbe asubuhi ya kwenu ipo kweli," akasema. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya gari kwa namna ambayo niliijua, mgongo umeegemea boneti, mikono nyuma. Alikuwa ameifunika jana yake mapema, kabla mgeni hajafika.

"Sogea, mzee, nifungue."

"Tuanze kwa kuwasha."

"Naanza kwa kufungua."

Akafungua. Akainua pembe ya mkeka, akachungulia. Halafu akaniita.

"Mama, kuna mtu anaivisha ndizi humu?"

"Mwulize mwenye gari."

Mume wangu alikuwa anautazama mti wa kahawa. "Ni kwa ajili ya baridi," akasema.

Fundi akatoa mkeka. Akaanza kutoa majani, mkono kwa mkono, yakawa rundo kubwa kando ya tairi. Yalipokwisha yale ya juu akawasha tochi, akaingiza kichwa na bega, akapeleka mkono kule nyuma kabisa ambako kitambaa cha sabuni hakikufika. Akatoa tonge la kitu. Yalikuwa majani yaliyotafunwa yakawa laini kama pamba, maganda ya kahawa, punje za mahindi, na kipande cha kitenge changu kilichopotea hata nikamgombeza jirani. Alipopeleka mkono mara ya pili, panya akaruka, akapita kwenye kifua cha yale makoti mawili, akashukia kwenye kiatu. Fundi wa Kagondo akapiga yowe hata jirani wa ng'ambo ya bonde akaja kutuuliza kama kuna msiba.

Alipotulia akatuonyesha. Kulikuwa na waya mmoja mnene unaopeleka umeme kwenye zile plagi za kupasha moto. Panya walikuwa wameumenya ngozi mpaka shaba ikaonekana, halafu wakaukata kabisa.

"Mzee, wewe umekuwa ukisali plagi zipate moto. Umeme unaishia kwa panya."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipowajengea nyumba."

"Mwanzo lilikuwa linasumbua bila panya."

"Hilo kweli. Plagi mbili zimechoka, huo ni uzee, ningekubadilishia ukaenda zako. Lakini wewe ukaona baridi, ukaleta majani. Majani yakaleta panya. Panya wakanileta mimi."

Nilicheka mpaka nikashika mgomba. Fundi akacheka, jirani akacheka bila hata kujua ni nini. Ndipo nikamwona mume wangu. Alikuwa ameinama juu ya lile rundo, anayageuza yale majani taratibu, kama mtu aliyeambiwa chakula alichompikia mgeni ndicho kilichomwumiza. Nikaacha kucheka. Nikamwambia jirani aende kwake, hapa hakuna msiba.

Fundi akaunga waya, akauzungushia mpira na utepe, akaweka plagi mbili mpya alizokuja nazo begini. Alipomaliza jua lilikuwa limeshatoka, ukungu umeondoka, na gari likawaka kama lilivyowaka Kagondo. Akasema hicho si kipimo. "Kipimo ni kesho. Na mzee, leo usifunike. Kama unanipenda, usifunike." Nikamfungia mkungu mmoja na kuku mwingine, akaondoka.

Mchana kijana wetu mkubwa akafika kutoka Mwanza na mke wake, wakafika na mashangazi, nyumba ikajaa. Yeye hakuuliza habari za gari na baba yake hakuzisema. Jioni nilikuwa nyuma ya jiko, jua linazama na baridi imeshaanza kuuma masikio, nikamwona mume wangu anapita na mzigo wa majani makavu kifuani.

"Unakwenda wapi na hayo?"

"Kufunika pombe."

"Pombe iko nyuma. Huko mbele kuna gari."

Akasimama. Majani yalikuwa yamemfika kidevuni.

"Baridi ya leo imezidi," akasema.

"Imezidi. Na panya wamezidi."

"Likigoma kesho?"

"Likigoma, limegoma lenyewe. Ukilifunika likagoma, ni wewe."

Akaukumbatia mzigo wake. Hakusogea. Tumekaa pamoja miaka mingi na najua mgongo wa mtu huyu unavyosimama akiwa amekasirika na unavyosimama akiwa anaogopa. Nikamnyang'anya yale majani, nikayapeleka kwenye mtumbwi wa pombe mwenyewe. Halafu nikaingia chumbani, nikatoa blanketi letu zito, lile la kitandani si lile la wageni, nikatoka nalo nikalitandika juu ya boneti, kwa nje, nikalibana na mawe mawili. Blanketi la juu ya bati halipashi injini, hilo hata mimi nilijua. Yeye naye alijua. Akasaidia kunyoosha pembe moja.

"Tutajifunika nini?" akauliza.

"Utavaa koti."

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwepo, na umande unadondoka kwenye bati kama mvua. Kijana wetu alitoka na kikombe cha chai, akasimama mbali kidogo. Binti, ambaye alikuwa amefika jana yake jioni, alibaki dirishani nyuma ya pazia akifikiri simwoni. Mashangazi walikuwa jikoni lakini hakuna aliyekuwa akipika. Mume wangu akaingia, akafunga mlango. Taa ya machungwa ikawaka. Niliona midomo yake inacheza. Ilicheza kwa Salamu Maria moja, ikasimama.

Akapiga stata. Ikakohoa. Mara ya pili haikukohoa, ilinguruma, moshi ukatoka, kuku wakakimbia, na mashangazi wakapiga vigelegele wakati si wakati wake. Kijana wetu akamwaga chai iliyobaki chini, akaenda dirishani kwa baba yake.

"Haya, Taata. Mimi sina neno."

"Gari lako la kukodi je?"

"Sijakodi."

"Ulikuwa umelipigia simu, nilikusikia."

"Nimewaambia wasije."

Mume wangu akafunga kioo kile kisichofunga, kadiri kilivyokubali.

Jumamosi, siku yenyewe ya harusi, ndipo aliponichosha. Aliliwasha kabla sijachemsha maji, likawaka mara moja, na kuanzia hapo akakataa kulizima. Watu wakafika, waimbaji wakafika, bibi harusi akavalishwa, na pikapu inanguruma uani, moshi unaingia sebuleni kwenye nyasi mpya tulizotandika. Waimbaji wakaongeza sauti, na mume wangu, kwa kudhani gari halisikiki tena, akaongeza mafuta. Alikuwa amekaa ndani ya gari na suti yake, mikono kwenye usukani, kama dereva wa basi anayengoja abiria.

Kwetu binti haondoki bila kupakatwa. Baba anakaa kwenye kiti, binti anakaa mapajani pake kama alipokuwa mdogo, hata awe mkubwa namna gani, halafu anahamia kwa mama, anaambiwa ya kuambiwa, ndipo anatoka. Tulikuwa tumekaa tunangoja. Kiti cha baba kitupu. Nikatuma mtu, akarudi akasema mzee anasema anachunga gari lisizimike. Nikaenda mwenyewe.

"Zima."

"Likikataa kuwaka tena?"

"Lina moto wa saa mbili. Kagondo lilikataa?"

"Halikukataa."

"Sasa?"

Akatazama mbele. Kule mbele hakukuwa na kitu ila mteremko na mparachichi. "Huyu ni wa mwisho," akasema.

Mimi si mtu wa maneno ya namna hiyo, na muda ulikuwa unakwenda. Nikapitisha mkono dirishani nikazima gari mwenyewe, nikachomoa ufunguo, nikautia kifuani. Kimya kilichoingia uani pale, hata waimbaji walikatika katikati ya ubeti. Nikamfungulia mlango. Akashuka, akakunguta suti, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake, na binti yake akaja na gauni lote lile akakaa mapajani pake, akamshika sikio.

Aliyomwambia siyajui. Alisema kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa natazama nyasi.

Gari liliwaka. Tulikaa watatu mbele, binti katikati, gauni limejaa mpaka kwenye gia, shela inanipiga usoni kwa ule upepo wa dirishani. Waimbaji nyuma. Kijana wetu alitufuata na gari la rafiki yake. Tulipofika kwenye lami nikaona tunapitwa na baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi. Nyuma kijana wetu akapiga honi.

"Taata," binti akasema, "gari lina nini?"

"Halina kitu."

"Mbona tunatembea?"

"Barabara mbaya."

Lami ilikuwa nyororo. Binti hakucheka. Aliweka mkono wake wenye glavu juu ya mkono wa baba yake pale kwenye gia, akauacha hapo. Nikamwambia mume wangu aweke gia ya tatu, Padre hangoji mtu. Akasema ataiweka, tukishapita ile kona.

Kona tukaipita. Sikumkumbusha.